Pima Sifuri Kwanza

Haya wandugu, habari za mchana. Wazee wangu mliokaa hapo mbele shikamooni, na nyie vijana mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo, msijifanye mmekuja kuchungulia tu. Naona humu kuna watu wa Malaba, wa Soroti, wa Kapchorwa, na mmoja ameniambia alipanda teksi ya saa kumi na moja alfajiri kutoka Busia, ndio maana tumekubaliana tuongee Kiswahili, maana nikianza na Kigisu, lugha yangu, nusu ya nyumba italala. (Hii nimeiandika baada ya siku ile kwa sababu watu wameniomba sana, nimeiacha vile nilivyoiongea, msinihesabie makosa ya sarufi.)

Maneno yangu leo kwenu mafundi ni juu ya kupima volti ndogo sana, na jinsi zinavyodanganya. Kabla sijaenda mbali tazameni hapa mezani. Hii ni mita ya kawaida ya kupimia umeme, ile ya njano ambayo kila mmoja wenu anayo kwenye begi. Nimeiweka kwenye milivolti 200, kwa hiyo tarakimu yake ya mwisho ni sehemu moja ya kumi ya milivolti, chini ya hapo ni kipofu. Katikati ya waya zake mbili za kopa nimeunga kipande cha bainding waya, ile ya mafundi wa ujenzi ya kufungia nondo, urefu wake kama mkono wangu. Kiungo kimoja nimekizungushia tepu nyeusi nikakilaza pale dirishani upande wa magharibi, kingine kiko huku chini ya koti langu. Hakuna betri, hakuna sola, hakuna kitu. Mita inasema 0.0. Saa hizi ni saa nane na nusu na dirisha bado liko kwenye kivuli cha ule mwembe. Tuiache hapo, mtu asiiguse.

Sasa niwape hadithi ya mizani. Kulikuwa na stoo moja ya kununua kahawa, sitasema ya nani wala upande gani wa mji, walikuwa na mizani ya umeme ya kilo 300, ile ya sahani kubwa ya chini. Asubuhi inapima vizuri kabisa, unaweka jiwe la kilo 20 inasema 20. Ikifika saa tisa saa kumi inaanza kula. Gunia la kilo 60 linasoma 57 na kitu, mkulima ametoka nalo mlimani kwenye boda anajua vizuri uzito wake, kelele inaanza pale pale. Kijana wa stoo karibu afukuzwe, kila mtu alisema ni yeye anaichezea. Fundi wa kwanza akabadilisha kichwa cha mizani, kile chenye namba, hakuna kitu. Wa pili akabadilisha lodiseli yenyewe, yaani ile sensa iliyo chini ya sahani inayogeuza uzito kuwa volti, hiyo pesa bana si mchezo, bado kila alasiri inakula.

Tupige hesabu kidogo hapa maana ndio roho ya maneno yangu ya leo. Lodiseli za kawaida zinatoa milivolti 2 kwa kila volti 1 unayoilisha, ikiwa imebebeshwa mzigo wake wote. Uilishe volti 5, basi kilo 300 zote ni milivolti 10 tu. Gunia zima la kilo 60 ni milivolti 2. Kilo moja ni kama mikrovolti 33, na mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti. Gramu 100 ambazo mizani inatakiwa izione ni mikrovolti 3 na kidogo. Sasa wewe uliyezoea kupima 240 kwenye soketi na 12 kwenye betri, ukiingia huku umeingia kijiji kingine ambapo kila kitu kinaongea, hewa inaongea, solda inaongea, kidole chako kinaongea, na mita inasikiliza wote bila kubagua.

Mimi nilipoitwa sikubadilisha kitu. Nilichofanya, nilienda kule chini kabisa kwenye lodiseli, nikachomoa waya moja ya signali, zile mbili zinazorudisha volti za sensa kwenye kichwa, na kuiunga pamoja na mwenzake palepale. Yaani nikaiambia mizani: sasa hakuna uzito, hakuna hata sensa, nionyeshe sifuri. Halafu nikaagiza chai nikakaa. Watu wa stoo waliniangalia kama mtu amekuja kula pesa yao bure. Ikafika saa nane, sifuri ikaanza kutembea. Saa tisa imefika kilo moja na nusu chini. Saa kumi karibu kilo 3. Na sensa haimo! Kwa hiyo ile lodiseli waliyoinunua walinunua bure, ugonjwa uko njiani, kati ya kichwa na sahani.

Nikaifuata kebo kwa mkono, inchi kwa inchi, mpaka nyuma ya mlango. Panya alikuwa ameikata, na mtu mwenye huruma, sijui nani, akaunga waya moja ya signali kwa bainding waya, kama hii hii ya hapa mezani. Ncha moja ilitokea nje penye jua, nyingine ndani gizani.

Sasa kosa liko wapi, si chuma kinapitisha umeme? Kinapitisha, na asubuhi kilipitisha bila shida. Shida ni kwamba metali mbili tofauti zikigusana na ncha moja ikawa ya moto kuliko nyingine, zinatengeneza volti zenyewe. Aliyeliona jambo hili ni mwanasayansi Seebeck, mzaliwa wa Tallinn, mwaka 1821, na kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hakujua ni umeme, aliona sindano ya dira inacheza akasema ni usumaku wa joto. Kopa na chuma zinakupa kama mikrovolti 12 kwa kila digrii moja ya tofauti. Jua la saa tisa likipasha ile ncha ya nje digrii 8 zaidi ya ya ndani umepata karibu mikrovolti 100, na tumeshasema kilo moja ni 33. Haya, gawanyeni wenyewe.

Shikeni hapo penye neno tofauti. Kama ncha zote mbili zingekuwa gizani, au zote mbili juani, moja inasukuma huku nyingine inasukuma kule zinauana, mizani isingejua kitu. Ndio maana mtu akiniuliza dawa namba moja ya volti ndogo simwambii anunue mita ya bei, namwambia weka viungo vyako viwili karibu karibu, vifunike na kipande cha sponji au kiboksi, upepo wa feni usivipate, jua lisivipate, na ukimaliza kukaza skrubu toa vidole usubiri. Dakika kadhaa. Kidole chako kina joto, umekipasha kiungo wewe mwenyewe halafu unasoma haraka haraka, sasa hapo umepima sensa au umepima mkono wako?

Na waya iwe ya kopa kwa kopa kila mahali. Kopa safi kwa kopa safi ni chini ya mikrovolti 0.2 kwa digrii, hakuna kitu. Solda ya kawaida ya risasi na bati na kopa ni kati ya 1 na 3, unaweza kuishi nayo. Lakini kopa iliyofanya ile kutu nyeusi, hiyo wandugu inaenda mpaka kama 1000 kwa digrii, elfu moja! Ile waya ya zamani umeitoa kwenye skrepu, nyeusi, ukaisokota tu bila kuisugua, umeweka kitu kibaya kuliko bainding waya. Msasa laini, sugua ing'ae, kaza, basi. Na kama kiungo kina unyevu, hapo si joto tena, metali mbili na maji ya chumvi ni betri, na betri haihesabiki kwa mikrovolti. Ukitaka kujaribu nyumbani jambo hili la joto kwa kutumbukiza kiungo kwenye chai ya moto, kifunge kwanza kwenye kaveera, ule mfuko wa plastiki.

Kuna mzee mmoja hapa mbele ameniuliza swali zuri, anasema: mwanangu, mizani si ina kitufe cha sifuri, kwa nini yule kijana hakubonyeza? Mzee wangu, alikuwa anabonyeza. Asubuhi. Na siku za msimu gunia moja likishuka lingine limeshapanda, sahani haipumziki. Ila mimi hicho kitufe kinanitisha, maana kinaondoa maumivu kinaacha ugonjwa. Ukibonyeza kila nusu saa hutajua kamwe kwamba nyuma ya mlango kuna chuma.

Iko njia nyingine ya ujanja zaidi, na kuna vichwa vya mizani vizuri vinaifanya vyenyewe. Unageuza umeme unaoilisha sensa. Tuseme gunia linatoa milivolti 2.00 na uongo wa joto ni 0.12. Unasoma 2.12. Sasa geuza chanya na hasi kwenye ulishaji, gunia linakuwa hasi 2.00, lakini ule uongo haujui kwamba umegeuza, unabaki 0.12 vilevile, unasoma hasi 1.88. Toa ya pili kutoka ya kwanza unapata 4.00, gawa kwa mbili, 2.00. Uongo umekufa na hukuhitaji kujua ulikuwa kiasi gani wala ulitoka wapi. Mimi mara ya kwanza kuielewa hii nilicheka peke yangu. Lakini angalieni, kugeuza waya za mita tu, yaani nyekundu pale nyeusi pale, si kitu kimoja na hicho. Hapo unaondoa kosa la mita yenyewe, kosa la kebo limebaki ndani ya kebo linakungoja.

Tuje kwenye kelele. Umeme wetu hapa ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde, uko ukutani, uko kwenye dari, kila waya uliyoitandaza ni masikio. Waya mbili za signali zikiachana zinatengeneza kama kitanzi, na kitanzi kikikaa kwenye usumaku wa waya ya stima kinazaa volti. Kitanzi cha ukubwa wa viganja viwili karibu na waya zenye mzigo kinaweza kuokota mikrovolti kadhaa bila kugusana na kitu. Dawa ni bure: zisokote. Shika waya mbili, weka ncha kwenye drili, zungusha polepole, dakika moja umemaliza. Kila msokoto unaokota kinyume cha mwenzake. Na kebo ya signali usiilaze sambamba na ya mota ya mashine ya kukoboa, kama lazima zikutane zipishane kama msalaba.

Halafu mwendo wa kusoma. Wimbi la hezi 50 linakamilika kwa milisekunde 20, nusu juu nusu chini, kwa hiyo mita ikijumlisha kwa milisekunde 20 kamili, au 40, au 100, juu na chini zinafutana. Nyie mnaotengeneza mizani zenu na ile chipu ndogo ya HX711, ya kusoma lodiseli, ambayo naona vijana wote mnaipenda, ina mwendo wa mara 10 kwa sekunde na mwendo wa mara 80. Ule wa 10 umetengenezwa ukate hezi 50. Ninyi mnaweka 80 kwa sababu namba zinacheza haraka inapendeza, halafu mnanipigia simu usiku kwamba inatetemeka. Na stima ikipotea mkawasha jenereta, jenereta ndogo haikai kwenye 50, mzigo ukipanda inashuka 48, ukitoka inaruka 52, hapo hesabu ya milisekunde 20 haifuti sawasawa. Kwa kazi ya mikrovolti mimi natumia betri, nazima na ile chaja ya simu ya bei rahisi iliyo kwenye soketi ya karibu. Simu yenyewe pia iweke mbali, mawimbi yake yakiingia kwenye ampilifaya, ile chipu ya kukuza signali, yanageuzwa humo ndani kuwa volti iliyotulia kabisa, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu kinachotetemeka unakiona, kilichotulia unakiamini.

Ya athi, ile waya ya kwenda ardhini, sitaongea sana, wengi mnaijua ila mnaivunja. Ile nyavu ya kinga ya kebo iunge athi upande mmoja tu. Ukiiunga huku kwenye kichwa na kule kwenye chuma cha sahani, ardhi ya huku na ya kule hazina volti moja, mkondo utapita ndani ya kinga yako na umetengeneza ugonjwa kwa mkono wako.

Sola sasa, nimeahidi watu wa sola. Shanti yenu, kile kipande cha metali mkondo unapopita ili upimwe kwa volti ndogo, ni ya ampea 100 milivolti 75. Hapo ampea moja ni milivolti 0.75, si nyingi, lakini nimeona mtu amebana waya za mita kwenye boliti kubwa pamoja na ile kebo nene. Hapana! Shanti ina skrubu mbili ndogo ndani, ni za mita. Shanti yenyewe ni miliohmu 0.75, na boliti iliyolegea kidogo inaweza kuwa 0.2 peke yake, ukipima juu ya boliti umeongeza zaidi ya robo ya kitu ambacho hakipo. Waya za mkondo ziwe zake, waya za kupima ziwe zake, na zisichangie hata milimita moja ya njia. Kwenye mizani ni hivyo hivyo, kebo ikiwa ndefu ndio utaona lodiseli ya waya 6 badala ya 4, zile mbili za ziada zinaenda kuuliza sensa: umepata volti ngapi kweli?

Ampilifaya. Kijana mmoja alikuja kwangu na sakiti yake, ameikuza signali ya lodiseli mara 500 kwa chipu ya LM358 kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. LM358 ina kosa lake la ndani la kuzaliwa, milivolti 2 hivi ni kawaida, na kiwanda chenyewe kinakubali mpaka 7. Milivolti 2 kwetu ni nini? Ni gunia zima la kahawa! Umeshaweka gunia juu ya mizani kabla mkulima hajafika. Kama unaweza kutoa hilo kosa mara moja na likakaa, sawa, lakini linatembea na joto. Tafuta zile chipu zinazojisawazisha zenyewe, zinazojipima sifuri mara nyingi kila sekunde, kosa lake ni mikrovolti chache, na ziweke karibu na sensa, ukuze kwanza ndio upitishe kwenye kebo ndefu. Usipeleke mtoto mchanga sokoni peke yake.

Kuna mahali utafika dawa zimeisha. Waya zote kopa, zimesokotwa, umefunika, betri, simu iko nje, na bado namba ya mwisho inacheza. Hiyo inaweza kuwa ni chembe za umeme zenyewe zinatetemeka ndani ya rezista kwa sababu ya joto, Johnson aliipima na Nyquist akaipigia hesabu pale Bell Labs, maabara ya utafiti kule Marekani, wakaichapisha 1928. Rezista ya kiloohmu 1 kwenye joto la chumba, ukiisikiliza kwa upana wa hezi 100, inakupa kama nanovolti 40, na nanovolti ni sehemu moja ya elfu ya mikrovolti. Kwa mizani ya kahawa hilo si deni lako, usilifikirie. Ila kanuni yake inasaidia: sensa yenye ohmu chache ina kelele ndogo, na ukisubiri zaidi unapata zaidi. Soma mara 100 uchukue wastani, kelele inashuka mara 10. Kelele ile ya kutetemeka lakini, si ule uongo wa kutembea na jua. Ukichukua wastani wa mizani ya yule kijana kuanzia saa nane mpaka saa kumi utapata tu uongo wa wastani, umeandikwa kwa tarakimu nyingi nzuri.

Na mita hii ya njano, nimeshasema chini ya 0.1 haioni, na hata hiyo 0.1 msiile kiapo. Lakini ukiibana waya zake mbili pamoja ukaandika inasema nini, asubuhi, mchana, na jenereta ikiwaka, utajua uongo wake na utautoa. Mimi kwenye daftari langu kila kazi ina mstari wa kwanza umeandikwa sifuri, na saa, kabla ya kitu kingine chochote. Yule kijana wa stoo siku hizi naye analo daftari, hakufukuzwa, na kwenye zile kilo 3 za kila gunia la alasiri, mwenye stoo na wakulima walikaa wakapatana, mimi sikukaa kusikiliza.

Haya, ni saa tisa na robo, kivuli cha mwembe kimetoka dirishani. Mama uliyekaa hapo karibu, tafadhali tusomee mita, usiiguse. Inasema ngapi? 0.2. Nani ameigusa? Hakuna, sote tulikuwa tunaangaliana. Sasa nyoosha kiganja chako, kizuie jua lisifike kwenye ile tepu nyeusi, hivyo hivyo, kwa mbali. Ngoja kidogo. Ngoja. Soma tena.

0.1. Endelea kushika hapo mama, inarudi.